Inchi Sitini na Tano za Kumrudisha Baba Mkubwa

2 Aprili

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaituma, marahaba. Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo nalo limeamua kustaafu. Mama yako nilimwona Jumapili. Amenenepa kidogo na hataki mtu aseme, kwa hiyo mimi sijasema. Mjukuu wangu ana meno mangapi sasa? Mara ya mwisho uliandika mawili. Usinijibu "anaendelea vizuri" kama daktari, niandikie idadi.

Najua utauliza kwa nini sikupigi simu. Simu yangu mtu akiongea upande wa pili nyumba nzima inasikia, na jambo hili sitaki Baba Mkubwa wako alisikie. Halafu nimekaa kaunta ya posta miaka thelathini na moja nikigonga mihuri. Jambo ambalo haliko kwenye karatasi yenye tarehe, kwangu mimi ni uvumi tu.

Nataka kununua runinga. Kubwa. Hii tuliyonayo ukitaka kuona mpira inabidi uvae miwani na uwe na imani. Sababu yenyewe ni hii. Tangu Baba Mkubwa wako aache useremala, kila siku saa kumi na mbili jioni anavaa kofia, anasema, "Nafika kwa Fundi Kufuli mara moja." Huyo unamkumbuka, yule mchonga funguo wa pale kona, rafiki yake wa siku nyingi. Hiyo mara moja yake inakwisha saa tatu. Kila siku ya Mungu. Nikimuuliza wanafanya nini huko, ananiambia wanaangalia TV, basi, amemaliza, maana unamjua, maneno yake kwa siku hayafiki kumi, na hiyo "mara moja" inakula mawili.

Mwanangu, nimeishi na huyu mtu miaka thelathini na minne, na sasa jioni nakaa na viti. Nimemkosa mwenzangu. Nakuambia wewe kwa sababu hapa mtaani nikimwambia mtu itakuwa habari.

Kwa hiyo nimeamua, kama ni TV, basi iwe TV. Nataka kubwa kiasi kwamba akishavaa kofia aivue mwenyewe. Nimezungukia maduka. Liko la Bwana Kicheko kule sokoni, yuko muuzaji wa mtandaoni ambaye mama yako anamsifu bila kuwahi kununua kwake, na liko tawi la kampuni yenu, lile la vioo. Wewe ni fundi wao mkuu. Niambie ukweli kuhusu waranti, nani anadanganya na nani anadanganya kidogo.

Mama yako mkubwa, mwenye goti.

17 Aprili

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Meno ni matatu. La tatu limetoka Jumanne na limeanzia kazi kwenye kidole changu. Mke wangu anakusalimu na anasema ile shuka uliyomshonea mtoto tayari imekuwa fupi, hajui ni shuka iliyopungua au ni mtoto aliyezidi. Kazini kwema. Kazi ni kazi.

Sasa runinga. Chukua futi kamba uliyonayo kwenye cherehani, pima kutoka kiti cha Baba Mkubwa mpaka ukutani. Ukipata kama hatua tatu, inchi hamsini na tano zinamtosha mtu yeyote mwenye akili timamu. Usikubali muuzaji akuongezee inchi kwa sababu ya tabasamu lake.

Kuhusu waranti, usisome wanachoahidi. Geuza kadi usome nyuma, yale maandishi ya sisimizi. Umeme ukizidi ukaunguza kitu, haihusiki. Kioo kikipasuka, haihusiki. Mjusi akiingia kwa nyuma akafia humo, haihusiki, na hilo nimeliona kwa macho yangu. Kadi isiyo na muhuri wa duka ni karatasi ya kufungia karanga. Kubwa kuliko yote ni siku saba. Maduka mengi yanataka kasoro yoyote ya kiwandani uiandike, kwa mkono, ndani ya siku saba tangu runinga iingie ndani kwako. Siku ya nane wewe ndiye uliyeiharibu. Usitupe boksi. Na chochote kilichobandikwa na kiwanda, usikibandue.

Kicheko muulize runinga ikifa nani anaitengeneza. Akijionyesha kidole mwenyewe, mshukuru uondoke. Huyo wa mtandaoni muulize mlango wake uko wapi, mlango wa mbao, wa kubisha hodi. Kwetu nisingekushauri. Runinga zetu si mbaya. Sababu nitakueleza tukionana.

Lakini niulize jambo moja, Mama Mkubwa. Umeshawahi kumwomba tu Baba Mkubwa abaki?

Mwanao.

29 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Matatu ni machache kwa umri wake, lakini wewe ulichelewa zaidi na ulipoanza ulitafuna rimoti ya babu yako. Mama yako amejiunga na watu wanaotembea asubuhi. Ametembea mara moja.

Kwa Bwana Kicheko nilikwenda Jumatatu. Nikamuuliza lile swali lako la fundi. Alijipiga kifua akasema waranti ni yeye mwenyewe. Nikamuuliza baada ya miaka miwili yeye mwenyewe atakuwa wapi, akacheka mpaka akashika kaunta. Kadi yake ni fotokopi ya fotokopi, na pa kugonga muhuri hapana. Nikamshukuru, nikaondoka. Yule wa mtandaoni nilimwandikia kwa simu ya mama yako, nikaulizia mlango. Alinitumia picha ya moyo.

Basi nikaenda kwenu. Nilipanda ile ngazi kwa goti langu, nikakuta ukuta mzima wa runinga, zote zinaonyesha kasuku yuleyule anayepasua karanga ileile. Binti muuzaji alinipa kiti. Nilimwambia mwanangu ndiye fundi mkuu wa makao makuu yenu, akasema makao makuu ni mbali lakini anafurahi. Najua kwa nini ulinikataza kununua kwenu. Ni unyenyekevu wako, hutaki ionekane nimekuja kwa mgongo wako. Lakini hela yangu niipeleke kwa Kicheko wakati mwanangu anakaa kazini kule? Ningelala vipi?

Nimechukua inchi sitini na tano. Hizo hamsini na tano zako ni za mtu mwenye akili timamu, na Baba Mkubwa wako anayekwenda kukaa kwenye kijumba cha funguo kila jioni sina hakika naye. Waranti ya mwaka mmoja inakuja na runinga, ya miaka mitatu unaongeza. Binti alidhani nitasumbua. Nikamwambia aandike mitatu. Muhuri wa kwanza ulitoka hafifu nikamwambia arudie, aukandamize kwa uzito wa mwili, si kwa vidole. Akarudia. Atakuwa karani mzuri.

Haikuwepo stoo, wataileta Jumamosi ya tarehe 16 Mei. Baba Mkubwa wako hajui lolote. Jana alivaa kofia kama kawaida yake.

Lile swali lako la mwisho sina nafasi ya kulijibu, karatasi imekwisha.

Mama yako mkubwa.

8 Mei

Mama Mkubwa, shikamoo, sisi wazima, meno manne.

Karatasi haikuwa imekwisha. Nusu ya chini ilikuwa nyeupe, mke wangu ameitumia kuandikia orodha ya sokoni.

Umeshanunua kwetu, basi tena, sina la kusema. Nakuomba tu, wakileta, wakiwa bado mlangoni, iwashe. Tazama picha, sikiliza sauti, chomeka kila tundu. Kukiwa na kasoro andika siku hiyohiyo. Siku saba, Mama Mkubwa. Usiwape nafasi hata ya nusu siku. Mimi nawajua.

Mwanao.

17 Mei

Mwanangu,

Wasalimie wote. Leo sina salamu ndefu, utanisamehe.

Ililetwa jana saa nane mchana na wanaume wawili na mkokoteni. Imeziba dirisha dogo na nusu ya kalenda. Niliiwasha mbele yao kama ulivyoagiza, ikaonyesha, ikapiga kelele, nikatia saini na tarehe. Ile nailoni iliyobandikwa juu ya kioo sijaigusa, maana ulisema kilichobandikwa na kiwanda kisibanduliwe. Picha inakuwa na ukungu kidogo lakini waranti ni waranti.

Baba Mkubwa wako alirudi kutoka kinyozi saa kumi na moja. Nilikuwa nimevaa lile gauni la kijani. Alisimama mbele yake akaitazama taarifa yote kuanzia mwanzo mpaka hali ya hewa, mikono nyuma. Akagonga fremu kwa kucha, kama anavyogonga mbao, akasema, "Kazi safi." Nikawa naona nimeshinda. Nikamvutia kiti.

Ilipofika saa kumi na mbili alivaa kofia. Alisema, "Nafika mara moja."

Mwanangu, nililia. Nilikaa mbele ya inchi sitini na tano nikalia, na mle ndani kulikuwa na mtu anatangaza sabuni. Sasa lile swali lako nakujibu. Sijawahi kumwomba abaki. Naogopa nikimwomba ataniambia sababu.

Mama yako mkubwa.

22 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mimi leo sijambo sana, tena sana. Kaa chini usome taratibu, na huyo mwenye meno manne mpe mama yake.

Jumanne jioni, Baba Mkubwa wako alipoondoka, nilichukua kufuli la stoo, ufunguo nikaufukia kwenye debe la unga, ili niwe na sababu. Nikamfuata. Kibanda cha Fundi Kufuli unakijua, mbele anachonga funguo, nyuma ni chumba anachokaa peke yake. Mlango wa nyuma ulikuwa nusu wazi. Nikasikia redio, mtangazaji anatangaza mpira, na anautangaza vizuri hasa. Namba saba anakatiza kushoto, soksi moja juu moja chini, beki amebaki anatazama nyasi kana kwamba ameangusha kitu, kipa anarekebisha kinga za mkono, anajipangusa pua. Nikajiambia redio gani hii inayosema mpaka mambo ya pua.

Nikachungulia. Redio alikuwa mume wangu.

Alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono inakwenda huku na huku. Runinga yenyewe ni ndogo kama mkate. Na Fundi Kufuli alikuwa amekaa kwenye kigoda, uso wake umeelekea kabatini, anatabasamu. Hapo ndipo nilipoelewa.

Sauti ya yule mtu, mwanangu, sijawahi kuisikia hivyo. Maneno yote aliyoninyima miaka thelathini na minne yalikuwa mle chumbani yanamwagwa bure. Niligonga mlango nikaingia na kufuli langu. Baba Mkubwa wako akanyamaza katikati ya neno. Fundi Kufuli akasema, "Bwana, kona imepigwa au haijapigwa?" Kisha akanisikia nikipumua, maana njia nzima nilikuwa nimekwenda kwa kasi kuliko goti langu, akajua ni mimi.

"Shemeji," akasema, "macho yamekwisha. Huu mwaka wa pili."

Akanieleza mwenyewe. Funguo anachonga kwa vidole na hajakosea hata mmoja, lakini nani atampa kufuli lake mtu asiyeona? Kwa hiyo alimwapisha Baba Mkubwa wako asimwambie mtu yeyote. Na hasa mimi, kwa sababu nilifanya kazi posta, na kazi ya watu wa posta ni kufikisha habari. Nilitaka kukasirika lakini nilicheka. Kufuli langu alilipapasa, akalitikisa sikioni, akaniambia halina ubaya wowote, tatizo ni unga wa vidole vyangu.

Njiani nilimuuliza Baba Mkubwa wako kwa nini nyumbani hasemi vile. Alitembea mpaka kwenye nguzo ya umeme ndipo akanijibu. "Nyumbani unaona mwenyewe." Basi. Na kusema nasema mwenyewe pia, hilo hakuliongeza yeye, nimeliongeza mimi.

Jana Alhamisi nikamwambia amlete rafiki yake kwetu. Fundi Kufuli alikuja ameshika kiwiko chake, akaomba aoneshwe runinga, yaani aipapase. Akapitisha kiganja kwenye kioo akauliza kwa nini tumeiacha na nguo. Kabla sijasema waranti, alishaivuta ile nailoni yote kwa mkupuo mmoja. Mwanangu, kumbe watu wa taarifa wana rangi. Nilikusingizia kidogo, nikasema mwanangu fundi ndiye aliyekataza.

Halafu mpira ukaanza, na Baba Mkubwa wako akaanza. Mwanzoni aliona haya mbele yangu, akazoea. Fundi Kufuli alisikiliza dakika mbili tatu, akageuza shingo huku, akageuza kule, akasema, "Upande wa kulia umekufa. Uwanja wote umehamia kushoto." Niliweka sikio. Kweli, spika ya kulia kimya kama kaburi. Sisi wenye macho tumekaa na runinga siku tano hatujagundua.

Leo ni siku ya sita. Nimeandika barua kwa makao makuu yenu nikaipeleka mwenyewe posta kwa rejesta, kaunta yangu ya zamani, nikasimama pale mpaka muhuri ugongwe mbele yangu. Nakala naiweka humu uniambie kama nimeandika vizuri. Ukikutana na huyo karani wa waranti kwenye korido, mwambie neno jema.

Mama yako mkubwa. Goti halijambo.

22 Mei
KWA KARANI WA WARANTI, MAKAO MAKUU
KUHUSU SPIKA YA KULIA

Ndugu Karani,

Salamu. Mimi ni mteja wenu. Nilipokea runinga ya inchi sitini na tano tarehe 16 Mei. Kadi yangu ina muhuri unaosomeka na waranti ya miaka mitatu. Ile namba ndefu ya nyuma nimeinakili chini ya barua hii, nimeirudia mara mbili. Spika ya kulia haitoi sauti. Haijaanguka, haijarowa, umeme haujazidi, na hakuna mjusi.

Sikufahamu kwa sura, lakini nami nimekaa nyuma ya kaunta miaka mingi. Najua mtu akikaa pale anaona karatasi, watu hawaoni. Kwa hiyo nakuandikia kidogo kuhusu watu. Runinga hii niliinunua ili mume wangu akae nyumbani jioni. Sasa amekubali kukaa, akiwa na rafiki yake ambaye haoni. Kwetu sisi spika moja inatosha, sisi hata hatukujua. Kwake yeye ni nusu ya uwanja. Asiposikia vizuri ataona haya kuja, na asipokuja yeye, mume wangu atamfuata, nami nitabaki na kioo.

Ukiwa na shaka na maneno yangu, muulize fundi wenu mkuu wa runinga hapo hapo makao makuu. Ni mtoto wa mdogo wangu, nimemlea. Sisemi unipendelee kwa ajili yake. Yeye mwenyewe hapendi upendeleo, ni mtu mnyoofu sana.

Wako mtiifu,
Karani mstaafu wa posta

2 Juni

Mama Mkubwa,

Karani wa waranti ni mimi.

Shikamoo. Nimeanza vibaya, lakini ningeanza na meno ningeishia kwenye meno. Mimi si fundi mkuu. Nilikuwa fundi, hilo ni kweli, mpaka miaka miwili iliyopita walipofunga meza za mafundi, maana siku hizi runinga ikiharibika wanatoa bodi nzima wanatia nyingine. Mimi wakanipa meza ya waranti. Mama yangu alishawaambia watu wote kwamba nimepandishwa cheo, nikakosa pa kuanzia kumsahihisha. Wewe nilikuonea haya zaidi ya wote.

Kazi yangu ni kutafuta sababu. Mtu anaandika runinga yake imekufa, mimi nageuza kadi nasoma maandishi ya sisimizi mpaka nipate mahali pa kumkatalia. Kila nilichokuandikia kuhusu waranti ni mitego ninayoitega mimi mwenyewe kuanzia saa mbili asubuhi. Ndiyo maana nilisema usinunue kwetu.

Barua yako ilifika mezani kwangu tarehe 26. Niliujua mwandiko kabla ya kufungua. Nilipofika pale uliposema mtu mnyoofu sana nilikwenda kusimama chooni kwa muda.

Sasa sikiliza jinsi tunavyohesabu siku saba. Tunahesabu mpaka siku barua inapofika kwenye meza, na barua hapa haifiki chini ya siku nne tano. Kwa hiyo karibu wote wanachelewa. Yako ilikuwa siku ya kumi. Mkuu wangu alipita, akasoma tarehe, akasema, "Hiyo imepita, gonga." Nina mihuri miwili, Mama Mkubwa. Ule wa IMEKATALIWA mpini wake umeng'aa kwa kushikwa. Ule wa IMEKUBALIWA pedi yake ya wino ilikuwa imekauka mpaka imepasuka.

Nilimwonyesha bahasha. Muhuri wa posta, tarehe 22 Mei, unasomeka kutoka mlangoni. Nikamgeuzia masharti yetu wenyewe, yanasema mteja "aandike" ndani ya siku saba. Hayasemi barua ifike. Aliyasoma mara tatu. Alitafuta mahali pa kutokea kama ninavyotafuta mimi, hakupaona, akaweka saini bila kunitazama. Nikatia maji kwenye ile pedi ya wino nikagonga. Ulitoka hafifu nikarudia, kwa uzito wa mwili.

Halafu nikafungua kabati nikatoa bahasha za miezi sita. Nimeshakuta kumi na moja ambazo mihuri yake ya posta iko ndani ya siku saba. Nimeziweka juu ya meza ya mkuu wangu. Hajanisemesha tangu jana. Sijui itakuwaje, lakini nimelala vizuri.

Watakuja kuichukua runinga wiki hii, matengenezo ni kama wiki tatu. Nitawasukuma wafanye kwa wiki moja, mpaka wanichoke. Najua zile jioni zina maana gani kwako.

Nisamehe. Mama nitamwambia mwenyewe.

Mwanao, karani.
Meno matano.

15 Juni

Karani mwenzangu,

Marahaba. Marahaba mara mbili, moja ya shikamoo yako na moja ya kule kuanza vibaya. Matano ni mwendo mzuri, mwambie asiyaharakishe.

Unaniomba msamaha kwa kuwa karani? Mimi nimelisha nyumba hii kwa muhuri miaka thelathini na moja. Uliponificha ulinikosea, hilo nimekusamehe nilipokuwa bado nasoma. Kuhusu zile kumi na moja, mkuu wako akikusumbua niandikie, nitamtumia barua ya rejesta. Mama yako amekuja hapa analia na kucheka kwa pamoja. Anasema sasa atawaambia watu kwamba umepanda tena cheo.

Walikuja kuibeba runinga Alhamisi ya tarehe 4. Ukuta ukabaki mweupe, na kalenda yote inaonekana. Mimi nikajiambia basi, saa kumi na mbili kofia. Na kweli, ilipofika akavaa kofia. Nikageukia cherehani nisimtazame. Dakika kumi baadaye nikasikia hodi, akarudi ameshikwa kiwiko na Fundi Kufuli.

Nikawaambia runinga hakuna, imekwenda kutibiwa. Fundi Kufuli akasema anajua, kwani kwake yeye kuna tofauti gani? Wakakaa. Na tangu siku ile wanakuja kila jioni, wanakaa kwenye viti vilevile wakiutazama ukuta, na Fundi Kufuli anamwambia Baba Mkubwa wako amweleze dirishani kunapita nani. Basi anaeleza. Anaeleza mwendo wa jirani yetu anayetembea kana kwamba viatu ni vya kuazima. Fundi Kufuli naye amewaambia wateja wake mwenyewe kuhusu macho. Mmoja amekimbia na kufuli lake, wengine bado wanaleta.

Juzi mtaa ulikuwa kimya, hapiti mtu wala mbuzi. Fundi Kufuli akasema, "Leo hamna mechi?" Baba Mkubwa wako akageuza kiti chake. Mimi nilikuwa kwenye cherehani nimewapa mgongo. Kisha akaanza.

Alisema, "Mke wangu amevaa gauni la kijani. Alilivaa siku runinga ilipokuja, sikusema kitu, lakini niliona. Amekaa upande kwa sababu ya goti. Uzi umemkatikia, anautia tena kwenye sindano, amekosa, anaulamba. Nywele za shingoni zimekuwa nyeupe, zinampendeza. Sasa ameacha kushona. Anajifanya hasikii."

Mwanangu, nilikuwa nasikia.

Kwa hiyo nakuomba, kama karani kwa karani. Hiyo wiki moja unayowasukuma, wasukume kwa mkono mmoja tu. Wakisema tatu, ziwe tatu. Wakisema wamekosa spika, waambie wakaitafute kwa utulivu. Ikirudi tutaipokea, tutaiwasha, nitasikiliza pande zote mbili na nitatia saini na tarehe. Lakini kwa sasa jioni zetu zimejaa.

Mama yako mkubwa, mwenye gauni la kijani.